Kadi ya Chini ya Njegere

Kadi mbili zilipasuka sawasawa, na jambo hilo haliwezekani.

Asiyewahi kutengeneza kadi atauliza kuna ajabu gani hapo. Kazi yenyewe ni hii. Unagonga mhuri wa mpira kwenye karatasi ngumu, unaipaka picha wino unaonata usio na rangi, unanyunyizia unga mzito wa plastiki, kisha unauyeyusha kwa mashine ya hewa ya moto, inayofanana na ya kukaushia nywele ila hii haina huruma. Unanyunyiza tena, unayeyusha tena, mara tatu, mara nne, mpaka picha inalala chini ya kitu kama kioo. Unakitia kwenye friza dakika kumi. Ukikitoa unakikunja kidogo tu, kinalia, kinapasuka. Unapaka wino wa kahawia, unafuta, na wino unabaki ndani ya nyufa peke yake, mpaka mtu adhani umefukua kigae cha mfalme fulani. Nyufa zitapita wapi, hakuna ajuaye. Wanawake wa mji mdogo wa Skelbeck wanajua watakula nini Alhamisi ya wiki ijayo na watazikwa karibu na nani, kwa hiyo huipenda kazi hii kwa sababu hiyo moja: ni kitu pekee maishani mwao kisichokubali kupangwa.

Gwenda Ollerenshaw akazilaza kadi zake mbili juu ya meza ya jikoni, ubavu kwa ubavu. Ndege ni yuleyule, sawa, mhuri ni mmoja. Lakini ufa mrefu ulitoka kona ya juu kushoto, ukashuka hadi katikati, ukagawanyika matawi matatu, na tawi la chini likajipinda kurudi lilikotoka, kama ndoano ya samaki. Kwenye zote mbili. Akatengeneza ya tatu. Ya tatu aliikunja upande wa pili kwa makusudi, kwa hasira, kama mtu anayemvunja kuku shingo. Ndoano ikatokea palepale.

Alimwita mumewe. Clive, dereva wa malori aliyestaafu, alikuja na gazeti mkononi, akaangalia, akasema zote nzuri. Gwenda akamuuliza kama haoni kwamba zimefanana. Clive akajibu kwamba miaka thelathini na nane amekuwa akiziona kadi zote zimefanana, ila alikuwa na adabu ya kutosema.

"Clive, mimi Jumamosi nafundisha watu sitini."

"Basi wote watafurahi, mpenzi. Watapata zinazolingana."

Gwenda alikuwa hatazami kadi tena. Alikuwa anautazama ule ufa, na alikuwa anaujua.

*

Tuseme ukweli, maana Gwenda mwenyewe alichukua muda mrefu kuusema.

Katika kikundi cha kadi cha Skelbeck, kinachokutana kila Jumatano saa nane mchana kwenye ukumbi wa nyuma ya kanisa, Gwenda alikuwa mtu wa pili kwa miaka kumi na tisa. Wa kwanza alikuwa Avril Sugden. Avril hakuwa na majivuno, na hilo ndilo lililokuwa likimkera Gwenda kuliko yote, kwa sababu mtu mwenye majivuno unaweza kumchukia ukastarehe. Avril alikuwa mwembamba, mwenye kifua kibovu, akimung'unya peremende za mkalitusi kutwa kucha ili apate pumzi, na alikuwa na mkono wa kuvunja kioo ambao hakuna aliyeweza kuuiga. Akikunja kadi yake, kikundi kizima kilinyamaza kusikiliza. Kisha, wakishamaliza kumsifu, mtu akageuka akamwambia Gwenda, "Na yako pia inapendeza, Gwen." Na yako pia. Miaka kumi na tisa.

Avril akafa Februari. Kikundi kina desturi yake: mwenzao akifa, wanakwenda nyumbani kwake siku moja, wote pamoja, wanagawana mihuri yake ili isikae bure, na kila mmoja anagonga picha moja kwa ajili ya wafiwa. Kina kanuni moja pia, ambayo hakuna aliyewahi kuiandika kwa sababu hakuna aliyewahi kuivunja: aliyemwaga kioo, yaani aliyeuyeyusha unga wake, ndiye anayekipasua. Unaweza kumwazima mwenzio wino, unga, hata mume akabebe meza. Lakini kioo cha mtu hukigusi.

Gwenda alikuwa na ufunguo wa nyumba ya Avril, kwa sababu ya kumlisha paka. Alikwenda siku moja kabla ya wengine. Alijiambia anakwenda kumwaga maziwa na kusafisha friza kabla vitu havijaoza. Chini ya mfuko wa njegere za kugandishwa akakuta bati bapa la biskuti, na ndani yake kadi moja ya mraba, kubwa kama sahani. Msichana mdogo mwenye mabuti ya mvua anaruka ndani ya dimbwi. Juu yake, tabaka saba za kioo. Saba. Gwenda hakuwahi kupita nne bila kuunguza karatasi. Kioo kilikuwa kizima, hakijaguswa. Nyuma hapakuwa na jina.

Alikipeleka nyumbani kwenye mfuko wa kubebea barafu, mlango wa friza ya marehemu, iliyokuwa stoo, akausahau wazi, akakipasua kwenye ukingo wa meza yake mwenyewe. Kililia kwa muda mrefu, mlio mwembamba uliopanda mpaka meno yakamwuma. Ufa ukatoka kona ya juu kushoto, ukashuka, ukagawanyika. Tawi la chini likajipinda. Kilikuwa kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kuvishika. Akapaka wino, akafuta, akageuza, na kwa mkono usiotetemeka hata kidogo akagonga mhuri wake mdogo: Kazi ya mikono ya Gwenda Ollerenshaw.

Kadi ikashinda tuzo ya jimbo. Gazeti likaandika habari yenye picha ya vidole vyake. Kadi ikawekwa kwenye kabati la kioo la maktaba, na waandaaji wa maonyesho makubwa ya kiangazi wakampigia simu kumwomba aje awafundishe wanawake sitini jinsi anavyofanya. Gwenda akakubali kabla hawajamaliza kuuliza. Akiwa na umri wa miaka sitini na nne alikuwa ameanza kuwa mtu ambaye mikono yake inajulikana, na alikuwa tayari kumng'ata yeyote atakayemnyang'anya hilo.

Sasa ufa ule umerudi, siku nne kabla ya Jumamosi.

*

Jumanne hiyohiyo jioni bakuli la kioo lilipasuka ndani ya oveni likiwa na pai ya viazi. Clive alilitoa, akalitazama, na kwa mara ya kwanza akakosa mzaha. Ndoano ilikuwepo. Asubuhi ilikuwa kwenye kioo cha bafuni, ikipita katikati ya uso wa Gwenda anapopiga mswaki. Miwani ya Clive ikafuata, lenzi zote mbili.

Halafu sauti. Ilitoka kwenye friza yao, friza iliyofungwa: tik. Kimya. Tik. Ni mlio wa kioo cha kadi kinapoanza kushindwa na baridi, mlio ambao Gwenda angeutambua hata usingizini. Alifungua akakuta samaki, mkate, aiskrimu ya Clive. Akafunga. Tik.

Na harufu. Unga ukiungua hutoa harufu tamu ya plastiki inayokwama kooni, na hiyo angeweza kuisamehe, kwa sababu nyumba yake ilinuka hivyo miaka yote. Ila chini ya hiyo kulikuwa na mkalitusi. Alipoinama kuufungua mlango wa kabati la unga ilimpiga usoni, ya joto na ya unyevu, kama vile kuna mtu ameinama upande wa pili na amepumua.

Watu wa huku hawana majini. Ukiwauliza watakuambia nyumba ina baridi, au mabomba ni ya zamani. Wana mizimu, ndiyo, lakini ya watalii, ya kwenye makasri, yenye saa za kufungua na kufunga. Kwa hiyo Gwenda, ambaye nyumba yake ilikuwa imeingiliwa waziwazi mbele ya macho yake, alimwita fundi wa friza. Fundi akasema friza ni nzima kuliko yeye. Ndipo akamwita kasisi.

Kasisi wa Skelbeck ni mwanamke mpole mwenye baiskeli, aliyesoma sana, na kadiri alivyosoma ndivyo alivyozidi kuona haya kumtaja shetani mbele ya watu. Alimuuliza Gwenda kama amejipa nafasi ya kuomboleza. Alisali sala fupi isiyomtisha yeyote. Alikuwa anakata kipande cha pili cha keki ya tangawizi pale jagi la maziwa lilipopasuka mezani, likamwaga maziwa hadi mapajani mwake, na ndoano ikabaki imesimama kwenye kipande kikubwa kilichosalia. Akasema atarudi. Aliondoka na baiskeli akiisukuma, hakuipanda, na hakurudi.

*

Alhamisi, saa kumi alasiri, mvua ikinyesha, kengele ya mlango ililia. Mlangoni alisimama mwanamke wa miaka arobaini hivi, koti limelowa, na alikuwa mwembamba kwa namna ambayo ilimfanya Gwenda arudi nyuma hatua moja. Alisema anaitwa Bryony, binti wa Avril, anatoka Leeds. Gwenda alimjua kwa habari tu. Mama na binti waligombana kwenye mazishi ya baba, miaka sita iliyopita, kila mmoja akangoja mwenzake aombe radhi, na wote wawili walikuwa hodari wa kungoja.

Gwenda alimkaribisha chai. Bryony hakutaka chai.

"Nimetoka maktaba sasa hivi," alisema. "Yule msichana mwenye mabuti. Umempata wapi?"

Gwenda akasema ni mhuri wa zamani, labda wa sokoni.

"Ni mimi yule. Nilikuwa na miaka saba. Mama alinichonga kwa kisu cha kumenyea viazi, kwenye kifutio cha shule. Dunia nzima mhuri huo ni mmoja."

Kisha akatoa simu mfukoni, akaiweka juu ya meza, akafungulia ujumbe uliorekodiwa. Sauti ya Avril ikajaza jiko, na kati ya kila maneno matatu ilikuwa inatafuta pumzi. Alisema hataki kugombana. Alisema amemwaga tabaka saba, hajui amewezaje, amekaa siku mbili juu ya stuli. Kipo kwenye friza, chini ya njegere. Njoo ukipasue mwenyewe, Bry, kama zamani. Usipokuja na mimi nikiondoka, njoo tu hata baadaye, kitakungoja.

Bryony alisimulia, akiwa amesimama, kwamba alifika siku mbili baada ya mazishi. Alikuta mlango wa friza uko wazi, maji yametapakaa sakafuni, njegere zimeoza, na bati halipo. Miezi minne amekuwa akiamini kwamba mama yake alimdanganya hata kwenye kitanda cha kufa. Miezi minne amemlaani mtu aliyekufa. Alisema hayo bila kupaza sauti, na ingekuwa nafuu kama angepaza.

"Sasa niambie tu," alisema. "Uliitoa wewe?"

Hapa mtu mwenye akili angekiri. Lakini akili haikuwa imekaa kwenye kiti siku hiyo, hasira ndiyo iliyokuwa imekaa, ile ya miaka kumi na tisa. Gwenda aliona mkono mwingine wa Sugden ukinyooshwa kuchukua kitu chake.

"Kadi ni yangu," alisema. "Geuza uone. Jina liko nyuma."

Tik, ilisema friza. Tik, tik. Kioo cha dirisha lililokuwa nyuma ya Bryony kikapauka kwa barafu, mwezi Juni, kuanzia chini kwenda juu, kama mtu anayevuta shuka, na barafu ilipofika kona ya kushoto dirisha zima likapasuka kwa mlio mmoja. Ndoano ilikuwa kubwa kama mtoto. Bryony aliigeukia. Akavuta hewa ya mkalitusi, na uso wake ukabadilika.

"Bado amekasirika," alisema taratibu. "Vizuri."

Akaenda zake.

Gwenda alikwenda kunawa mikono, sijui kwa nini, labda kwa sababu ndivyo watu wanavyofanya. Chini ya maji aliona mstari wa kahawia kwenye kiganja cha kulia, ukianzia chini ya kidole cha shahada. Akadhani ni wino. Akasugua kwa sabuni, akasugua kwa brashi, akasugua kwa ile dawa ya kuondolea rangi. Mstari haukutoka kwa sababu haukuwa juu ya ngozi, ulikuwa ndani yake, kwenye ufa mwembamba usiotoka damu na usiouma, wenye kingo safi kama za kioo. Na alipokunja vidole aone kina chake, ufa ulilia, tik, ukasonga mbele hadi kwenye kifundo, ukagawanyika matawi matatu mbele ya macho yake, wino ukiufuata nyuma taratibu bila haraka yoyote, kama vile kuna mtu aliyesimama karibu naye anaupaka kwa kitambaa, mtu mwenye subira, anayeijua kazi.

*

Ijumaa Clive alimleta Thelma Pickersgill bila kumuuliza mkewe. Thelma ana miaka themanini na mbili, ni mwenyekiti wa kikundi, na zamani alikuwa mkunga wa wilaya. Nusu ya Skelbeck aliipokea yeye na nusu nyingine aliiosha ikiwa maiti. Aliingia jikoni na fimbo yake, akavuta hewa mara moja, akasema kuelekea kwenye friza, "Nimekusikia, Avril, mama. Ngoja kidogo." Kisha akamwambia Gwenda avue glavu alizovaa kuficha mikono.

Nyufa zilikuwa zimefika kwenye viwiko. Thelma alizitazama kama anavyotazama ulimi wa mtoto.

Gwenda alikiri, lakini kwa namna ya mtu anayelalamika. Alisema kadi ingeoza tu. Alisema angalau yeye ameionyesha watu. Alisema kama ni kurudisha, basi ataipelekea maktaba barua, wamtumie yule binti kadi yake kwa posta, akae nayo.

"Kadi unaweza kurudisha," Thelma alisema. "Hukuiba kadi. Yule mama alimwachia mwanawe kitu kimoja tu, kukipasua. Hicho umekitumia. Utakirudishaje, kwa posta?"

Thelma akamkumbusha kitu ambacho kila mtengeneza kadi anakijua na anakidharau, kwa sababu hukitumia tu pale kazi inapomharibikia: kioo cha unga kikirudishiwa moto kinayeyuka upya, na nyufa zinafumba. Aliyevunja aiyeyushe. Aifumbe, aigandishe, amkabidhi mwenyewe. Na afanye mbele ya watu, kwa sababu alivunja kwa siri.

"Kesho nafundisha," Gwenda alisema.

"Basi kesho hiyohiyo."

"Thelma, nimengoja miaka kumi na tisa."

"Na mimi nimekungojea ukue miaka kumi na tisa, bibie. Tumechoka wote wawili."

Gwenda akamfukuza. Ndiyo, alimfukuza bibi kizee kwenye mvua, na alipomaliza alivaa glavu zake ndefu za harusini na kuanza kupanga unga na mihuri ndani ya sanduku.

*

Ukumbi wa maonyesho ulikuwa umejaa tangu saa nne asubuhi. Wanawake sitini kwenye meza ndefu, kila mmoja na mashine yake ya hewa ya moto, na mbele yao kioo kikubwa cha televisheni kilichounganishwa na kamera iliyoelekezwa kwenye meza ya mwalimu, ili vidole vyake vionekane hadi safu ya nyuma. Waandaaji walikuwa wameiazima kadi ya msichana mwenye mabuti kutoka maktaba, wakaisimamisha pembeni yake kwenye kishikilio kidogo. Clive alikaa mbele. Thelma alikaa nyuma, na pembeni yake alikaa Bryony, hajavua koti.

Gwenda akafundisha akiwa na glavu. Mwanzoni mambo yalikwenda. Aligonga ndege, akamwaga tabaka, akaziyeyusha, akasema vichekesho viwili alivyokuwa amejizoesha. Wakampelekea kadi kwenye friza ya aiskrimu ya mkahawa, wakamrudishia. Akaishika mbele ya kamera, akaikunja.

Mlio ulisikika hadi nyuma. Kioo cha kadi hakikupasuka.

Aliikunja zaidi. Mlio tena, mkali, na kadi ilikuwa nzima inang'aa, na mwanamke mmoja wa safu ya mbele akasema kwa sauti ndogo, "Mama, shavu lako," na Gwenda akainua macho kwenye televisheni, ambako hakuona shavu ila aliona mikono yake iliyokuzwa mara ishirini, glavu nyeupe zikitota wino wa kahawia kutoka ndani, kwanza kwenye vidole halafu kwenye viganja halafu kote, na alipozivua, kwa kuwa hakuweza kustahimili kuzitazama, watu sitini waliona kwa pamoja ngozi iliyogawanyika vigae vidogovidogo hadi kwenye mabega, kila kigae kikiteleza kidogo juu ya mwenzake anapopumua, na harufu ya mkalitusi ikatanda ukumbini kutoka meza hadi meza, nzito, ya joto, ikiwa na pumzi ya kuhema ndani yake ambayo haikuwa ya mtu yeyote aliyekuwa amekaa, na pembeni yake, kwenye kishikilio, kadi ya msichana ilikuwa inatetemeka peke yake kama kitu kinachozuiwa kwa nguvu kisimrukie mtu.

Hakuna aliyepiga kelele. Clive alisimama akakaa tena. Gwenda alielewa kwamba akikunja kitu chochote tena, hata kiwiko, hataunganika.

"Hii si yangu," alisema. Kipaza sauti kilikuwa bado kimewashwa. "Ni ya Avril Sugden. Niliitoa kwenye friza yake alipokufa. Aliimwaga yeye, nikaipasua mimi."

Kati ya wanawake sitini wa kadi hakukuwa na haja ya kueleza zaidi. Minong'ono ilipita kama upepo kwenye majani makavu. Wengine waliweka mashine zao chini, wakajifuta mikono.

Akailaza kadi, akawasha mashine, akaielekeza kwenye kona ya juu kushoto. Joto liliigusa kadi, na liliigusa mikono yake, palepale, kwenye ufa uleule, kana kwamba moto unatoka pande mbili. Alilia bila sauti na hakuiondoa. Tabaka saba zilichukua dakika kumi na moja. Kwenye televisheni ufa mrefu ulijaa, matawi yakajaa, ndoano ikapungua ikawa alama ya kucha, ikawa kitone, ikaisha. Wino ukapanda juu ukatoka kama moshi wa kahawia. Vigae vya mikono yake, na ule ufa wa shavuni, viliungana kimoja baada ya kingine. Alipozima mashine mikono ilikuwa mizima, myekundu, na msichana mwenye mabuti alikuwa anaruka chini ya kioo kisicho na doa.

Wakaipeleka kwenye friza. Dakika kumi ni ndefu mno watu sitini wakinyamaza. Thelma alimung'unya biskuti. Mwanamke mmoja alianza kukusanya vitu vyake, mwenzake akamshika mkono akamwambia akae, hatapata kuona tena.

Bryony alikuja mbele. Akaipokea kadi ikiwa inafuka baridi, akaigeuza, akalikwaruza jina la nyuma kwa ufunguo wa gari mpaka likawa vumbi. Akaishika kwa vidole gumba viwili, kama alivyofundishwa. Harufu ya mkalitusi ilimjia karibu, ikamzunguka mabegani. Gwenda alikuwa amefumba macho, anasubiri mlio, anauombea.

"Mama hakuniruhusu kupasua nikiwa na hasira," Bryony alisema. Hakuwa anazungumza na Gwenda. "Alikuwa ananirudisha sebuleni mpaka ipoe. Alisema nyufa za hasira zinakwenda zisikotakiwa."

Akamtazama Gwenda, akaitazama mikono yake, muda mrefu. Kisha akaifungia kadi kwenye mfuko wa kubebea barafu na kuchukua koti.

"Ikipoa nitaipasua," alisema. "Haijapoa."

Harufu ikamfuata hadi mlangoni, ikatoka naye.

*

Nyumba ya akina Ollerenshaw imetulia. Dirisha limebadilishwa, jagi jipya limenunuliwa, friza hailii. Gwenda haendi tena Jumatano ukumbini na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Clive ameacha mzaha wa kadi. Kilichobaki ni mikono: ni mizuri, laini kuliko ilivyokuwa akiwa msichana, haina mstari hata ule wa kuzaliwa nao kiganjani, na ina baridi ambayo maji ya moto hayaiondoi. Kikombe cha chai akikishika dakika moja, chai inapoa.

Jumapili moja ya Agosti, mchana wa joto, simu ilipigwa. Alikuwa Bryony. Alisema leo ni siku ya kuzaliwa ya mama yake. Alisema ameitoa, iko mezani mbele yake, na amekuwa akiitazama tangu asubuhi. Huko Leeds kidole kikagusa ukingo wa kioo, kidogo tu, na Gwenda akakisikia kwenye kifundo cha mkono wake wa kulia.

"Ipasue," alisema. "Mwanangu, nakuomba. Ipasue tu, litokee litakalotokea."

Upande wa pili kulikuwa na pumzi ya watu wawili, moja nyepesi, moja ya kuhema. Kisha kiti kilisogezwa, hatua zikaenda mbali na simu, na mlango wa friza ukafungwa.